Mlango Uliomkatalia Mbwana

Likoni nzima ilimjua Ishaka kwa milango. Injini hakuzitaka, breki hakuzigusa. Ukimletea gari linalofuka moshi atakwambia lipeleke kwa wenye moshi wao. Kazi yake yeye ilikuwa milango ya magari: uliobonyea, ulioning'inia, na hasa uliogoma kufunguka. Na milango ya kugoma haikumwishia, maana chumvi ya bahari inakula chuma mchana na usiku, na kwenye foleni ya feri magari yaligongana makalio kila siku ya Mungu. Ishaka akija ataugonga mlango kwa kifundo cha kidole, atatega sikio, kisha atasema, "Mgonjwa yuko hapa." Na kweli, ukifunguliwa, yuko pale pale. Watu wakisema ana jini. Jini gani! Alikuwa na subira ya vyuma, basi.

Subira ya watu hakuwa nayo hata chembe.

Mwaka wa 1980 bintiye Kafedha, mtoto wa miaka saba, alikufa kwa homa ya siku mbili. Ishaka akatuma mtu Kisauni amwite kaka yake Mbwana. Walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Mtoto akawekwa, ami yake anangojwa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, jua likaanza kushuka, Mbwana haonekani. Wakamzika. Mbwana alitokea kesho yake na nguo zake za kazi za bandarini, analia, anaeleza kwamba ujumbe ulifika kwa msimamizi wake ukakaa huko mpaka zamu ilipokwisha. Ishaka hakutaka kusikia. Alisimama mbele ya matanga yote akasema, "Wallahi, wabillahi, watallahi, mimi na wewe hatuzikani! Nikifa usinizike, ukifa sikuziki."

Jamani, mtu wa pwani anaweza kukutukana asubuhi na jioni mkanywa kahawa pamoja. Lakini "hatuzikani" ni neno jingine kabisa. Ukishalitamka, watu watakuogopea. Hakuna atakayekualika kwenye msiba wa yule uliyemwapia, asije akawa yeye ndiye aliyekuvunjisha kiapo.

Maalimu wa msikiti alimwita pembeni. "Ishaka, kiapo cha kukata udugu hakikufungi. Lisha masikini kumi, ukishindwa funga siku tatu, kisha uende kwa nduguyo."

"Inshallah, maalimu. Mwezi ujao."

Miaka minane alikuwa akifunga mwezi ujao. Mkaidi yule! Wala si kwamba hakuumia. Siku za Idi alikuwa akikaa barazani na kanzu yake mpya, macho yako njia ya feri, na mkewe akimuuliza anamtazama nani, anakuwa mkali.

Mwaka wa 1988 Mbwana akafa hospitalini, ng'ambo ya kivuko. Akaoshwa na kukafiniwa kwenye msikiti wa mjini, jeneza la wazi, limefunikwa shuka tu, likapakiwa kwenye gari la Mutua, Mkamba mmoja aliyeendesha teksi huko Kisauni, Pijo ndefu ya buti pana. Aletwe Likoni azikwe kwa wazee wake. Wapakiaji walikuwa na haraka, feri iko karibu kung'oa nanga, wakaubamiza mlango wa nyuma mara mbili ndipo ukashika. Likoni watu walikuwa wamekwisha kuswali alasiri, wamejaa nje ya msikiti, wanangoja maiti. Pijo ikaja, ikasimama. Mutua akashuka, akavuta kishikio cha mlango wa nyuma. Wapi! Wakavuta wawili, wakavuta wanne. Jeneza lilikuwa limeenea gari zima, kichwa chake kimepenya katikati ya viti vya mbele; kwa milango ya pembeni halitoki hata ufanyeje. Mtu mmoja akaja na mtaimbo. Tsuma, binamu wa Ishaka na marehemu, akamshika mkono.

"Utamgongea maiti vyuma kichwani? Umvunjie vioo juu ya sanda? Haya ni maziko gani?"

Kila mtu anajua gereji ya Ishaka iko hatua hamsini kutoka pale, na hakuna anayetaka kulitaja jina.

Ishaka alikuwa gerejini, anapiga msasa mlango ambao tangu asubuhi ulikuwa umekwisha kulainika. Habari alikuwa nayo. Mkewe alimwambia alfajiri, naye akajibu, "Sawa," akaja kazini. Alimwona Tsuma akija, akazidisha msasa.

"Ishaka."

"Naam."

"Mlango wa gari umekataa kufunguka."

"Mlango gani?"

"Unaujua, yakhe. Usinifanye niseme."

Ishaka aliweka msasa chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, mikono isiyofutika. "Nakuja kama fundi," akasema. "Nikifungua nimemaliza. Msinihesabu mazikoni."

Alipofika watu walimpisha. Hakusalimu. Aligonga ule mlango, akatega sikio, akagonga tena, na safari hii hakusema mgonjwa yuko wapi. Aliomba maji, na pale uani mwa msikiti akatia udhu vizuri, akajisugua masizi mpaka vifundoni, maana shuka la kufunikia jeneza lilikuwa na aya za Kurani. Kisha akaingia kwa mlango wa pembeni na bisibisi mdomoni, akatambaa.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya kafuri na udi. Nafasi iliyobaki baina ya jeneza na ubavu wa gari ilikuwa ya mtu kulala ubavu tu. Ishaka akalala ubavu. Bega lake likaliegemea bega la kaka yake, kwa juu ya shuka. Wawili hawa walilala mkeka mmoja mpaka Mbwana alipoota ndevu, na tangu hapo hawakuwahi kulala karibu namna hii.

Alipofungua ubao wa ndani wa mlango akauona ugonjwa. Pindo la lile shuka lilikuwa limebanwa pale walipobamiza, limetafunwa na kitasa, limejisokota kwenye ulimi wake. Fundi mwingine angelikata. Shuka la aya hukati. Ishaka akalegeza kitasa skrubu moja baada ya moja, akalivuta pindo uzi kwa uzi, jasho linamwingia machoni, na nje watu wanamsikia anahema. Alitaka kusema neno. Hata "kaka" tu. Neno lilifika kooni, na nyuma yake kikaja kile kiapo, na hasira yake ya zamani, na aibu ya kuonekana amelegea mbele ya mtaa mzima, akarudi kwenye uzi wake. Wallahi aliogopa watu kuliko alivyomuogopa Mungu saa ile.

Kitasa kikalia. Mlango ukainuka.

Mikono ishirini ikaingia, jeneza likatoka, likapokewa mabegani. Ishaka akabaki amekaa ndani ya buti, miguu inaning'inia nje, anaangalia. Alingoja mtu aseme, "Twende, Ishaka." Neno moja tu, angekwenda. Nafsi yake ilikuwa tayari, udhu anao. Tsuma alimtazama, akafungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga. Maalimu alikuwa amekwisha kutangulia ndani. Maiti akaswaliwa, kisha safu ikaelekea makaburini nyuma ya msikiti, sauti za "La ilaha illa Llah" zikasogea mbali. Ishaka akachukua bisibisi, akaanza kurudisha skrubu ambazo hakuna aliyemwomba azirudishe.

Muda mrefu ukapita, skrubu zimekaribia kwisha, na Mutua bado amesimama kando na kofia mkononi. Yeye Mkristo, hakujua aende nao au abaki.

"Mzee," akasema, "kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Yule fundi. Marehemu nilimbeba mimi siku anaenda kulazwa, Alhamisi iliyopita. Mgonjwa sana. Nikataka kwenda moja kwa moja hospitali, akakataa. Akasema kwanza tuvuke feri."

Bisibisi ikasimama.

"Tukaja mpaka hapo," Mutua akaonyesha ng'ambo ya barabara, mbele ya gereji. "Ulikuwa chini ya gari, naona miguu tu. Akakaa anaiangalia hiyo miguu kama robo saa hivi. Nikamwambia, mzee, si nimuite? Akasema, mwache amalize kazi yake, nitampitia nikirudi."

Uso wa Ishaka uliharibika, Mutua akageuka kando asiuone. Kisha Ishaka akaruka chini, akakimbia. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mguu mmoja mbovu, alikimbia akipita katikati ya viatu vilivyovuliwa, akapita ukuta wa msikiti, akaingia makaburini akikanyaga miiba.

Udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Maji yamemwagwa, talakini, ile ya kumkumbusha maiti shahada, imekwisha kusomwa, na yule aliyeshika jembe anapangusa jembe. Watu walikuwa wamejipanga kupeana mikono, kama ada, na mwanzoni mwa safu walisimama watoto wa Mbwana. Pembeni yao palikuwa na nafasi ya ndugu.

Tsuma alikuwa wa kwanza kumwona. Akamsogelea na mkono mbele. "Ishaka. Pole, ndugu yangu."

Ishaka akaficha mikono nyuma. "Usinipe," akasema.

Akaja maalimu, naye akanyoosha mkono. Wakaja watoto wa marehemu, wanamwita ami.

"Msinipe pole," akawaambia mmoja mmoja, analia kwa sauti, na kila mkono uliomjia aliukataa. "Msinipe. Sikumzika. Sikumzika mimi."