Mchapuko na Mchuzi wa Wakwe

Darasani nilichekwa niliposema mchapuko ni kwenda mbio. Mwalimu akasema hapana, kitu chaweza kwenda mbio kutwa nzima na mchapuko wake ukawa sifuri; mchapuko ni mwendo kubadilika. Nilikariri bila kuamini. Mimi ni mbishi tangu utoto.

Jumamosi yake shangazi yangu alikuwa anaoza binti. Kwetu, nyumba ya bibi harusi hupeleka chakula kwa bwana harusi, na wakwe hao wa Magomeni walikuwa watu wa kukagua sufuria kabla ya kumkagua bibi harusi mwenyewe. Mchele na mafuta tulivipata kwa foleni. Mchuzi wa kuku ukimwagika, hakuna mwingine, na shangazi angesemwa mpaka kwa wajukuu.

Mpangaji wetu wa chumba cha uani alijitolea na mkokoteni wake. Yeye alivuta, mimi nikasukuma, shangazi akatembea ubavuni ameshika kifuniko. Kila aliposema polepole, mpangaji alijizuia ghafla na mchuzi ukaruka mbele. Tukianza tena, unaruka nyuma. Hatujatoka hata Kariakoo, kanga ya shangazi ilikuwa imeshalowa.

Hapo ndipo nilipoona. Mchuzi haukuwa na ugomvi na mbio. Ulichokataa ni kubadilishiwa mwendo. Nikamwomba shangazi tushike mwendo mmoja, hata ukiwa wa haraka, bila kusitasita. Alinitazama kama niliyepandwa na mashetani, lakini sufuria ilikuwa inapungua, akakubali. Tukaenda karibu na kukimbia. Petroli ilikuwa adimu na barabara tupu. Kifuniko kikatulia, nami nikawa nacheka peke yangu kwa furaha.

Tulipofika uchochoro wa wakwe nilimwambia mpangaji asipunguze. Akakata kona kwa mbio zilezile. Nusu ya mchuzi ikatokea ubavuni, ikaishia mchangani.

"Si ulisema mwendo usibadilike?" shangazi akauliza, taratibu mno.

"Haukubadilika, shangazi. Kilichobadilika ni upande tunaoelekea."

Nilipokwisha kusema ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Kumbe kukata kona nako ni mchapuko, na mwalimu hakuwa amefika huko. Nikatabasamu.

Wakwe walikula wali karibu mkavu, na mawifi wakatunga wimbo wa kijembe papo hapo. Mchuzi, shangazi alinisamehe. Hakunisamehe kwamba wimbo ule ukiimbwa, yeye ameinamisha uso, mimi nilikuwa bado natabasamu.