Wakwe Wanarudi na Buni, na Mimi Meno Hayagusiki

Jina langu lifichwe, tafadhali, maana likitajwa nusu ya Mkoa wa Pwani watajua ni nani. Nina miaka hamsini na kitu, dalali wa ng'ombe hapa Garsen. Kuanzia Kipini mpaka Bangale hakuna fahali anayebadili mmiliki kabla mimi sijamfungua mdomo nikamsoma umri kwa meno. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza mimi mambo aliyotakiwa kuyajua yeye. Hata mvua ile iliyokata barabara, malori yakazama matopeni, ni mimi niliyefuatwa kuulizwa maji yatashuka lini. Nikawaambia. Yakashuka.

Lakini leo nawaandikia nimeshika shavu. Ndugu zangu, nimekwisha.

Nina mpwa wangu, nimwite Hawa. Baba yake alifariki akiwa mdogo, kwa hiyo kwenye posa msemaji wake ni mimi mjomba. Amepata mchumba wa Bangale, kijana mtulivu, na wanapendana wenyewe. Sasa kwetu Waorma, wazee wakikaa kuzungumza ndoa, buni, yaani kahawa nzima na ganda lake gumu, hukaangwa kwa samli, kibakuli kinapitishwa, kila mmoja anatafuna zake. Hapo si kula kwa njaa. Ukizitafuna umewakubali watu. Ukizirudisha, umewarudisha wao.

Walipokuja niliwapokea kwa mazungumzo. Niliwasimulia jinsi nilivyopasua mfupa wa paja la nyati kwa meno haya haya, nikanyonya uboho simba akinitazama. Baba wa kijana alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mkwe," akaniambia, "mtu kama wewe akisema neno, limesemwa." Kibakuli kikafika. Nikatia buni mdomoni, nikauma.

Wallahi niliona umeme mchana. Maumivu yalitoka kwenye ufizi yakapanda mpaka jichoni, machozi yakanitoka. Kabla sijajijua, nimezitema kiganjani mbele ya wazee wote.

Baba wa kijana akaweka kibakuli chini taratibu. "Mkwe, umezirudisha?"

Jamani, ningesema nini? Ningesema meno yanauma, wangeuliza, na yule nyati? Wakishajua nyati ni uongo, kila neno nililowapa juu ya Hawa na ukoo wetu lingekuwa uongo pia. Nikasema, "Nahitaji kufikiri kidogo." Sijawahi kutoa maneno mabaya kama hayo. Waliondoka bila kugusa maziwa.

Tangu siku hiyo Hawa haniamkii. Dada yangu alinijia analia: "Kaka, mwanangu amekukosea nini? Kama umesikia jambo juu ya kijana, liseme nilisikie!" Hawa akasemea nyuma ya pazia: "Mwache, mama. Mimi kwake ni mtamba wa mnadani. Anangoja mnunuzi mwingine." Mimi, niliyembeba mgongoni kuvuka maji akiwa na homa! Neno hilo limeniuma kuliko jino.

Nikaenda zahanati kimyakimya. Daktari akanifungua mdomo akanimulika tochi, kama mimi ninavyowafungua fahali. "Mzee, unasugua na nini?" Nikamwambia kwa fahari: mkaa uliosagwa, chumvi ya mawe, na mswaki mgumu, nasugua mpaka nione damu ndipo najua yametakata. Akashika kichwa. "Umekwangua fizi zikarudi nyuma, mizizi iko nje. Acha mkaa leo. Tafuta dawa ya meno ya ganzi, iliyo laini, isiyo na chembechembe, na mswaki laini, usugue polepole. Itachukua wiki kadhaa. Ikikataa, uende Malindi ukatazamwe."

Nikaingia dukani kwa mama mmoja Msomali. "Adeer, unataka ipi?" akaniuliza, kwa heshima ya kuniita ami. "Nyeupe nzito, jeli, au ya unga?" Nilichukua ile nyeupe. Ina chenga, nilihisi nasugua kwa mchanga wa mto, mate yakatoka mekundu. Nikarudi kuchukua jeli. Hiyo inateleza vizuri, lakini ina ubaridi wa mnanaa, nikivuta pumzi tu napiga yowe. Ya unga sikuigusa, hiyo na mkaa ni ndugu. Dawa yenyewe ya ganzi hapa Garsen haipo, na nimemwagiza utingo wa basi la Malindi mpaka leo anasema kesho.

Sasa mzee wa Bangale ametuma salamu: wanarudi Ijumaa ijayo, kwa mara ya mwisho. Watalala kwangu, na asubuhi kibakuli kitapita. Nikizitema tena, Hawa ameachwa, na ni mimi niliyemwachisha. Usingizi sina, chakula changu ni uji uliopoa.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, mliowahi kuugua fizi kama mimi, nipeni njia. Kuna dawa laini yoyote inayotuliza mapema? Nizimeze buni nzima nzima nikiomba Mungu zisinikwame? Au nimkalishe mzee chini nimwambie ukweli wa nyati, na nikimwambia, Hawa atabaki na mume?

Na kwa kuwa jina mmelificha, nimalizie hili. Ipo dawa moja iliyokubali mdomo wangu. Ni laini kama malai, haina chenga wala ubaridi, na tangu niianze damu imepungua, ingawa buni bado siziwezi. Naificha ndani ya kiatu ili wakwe wasije wakaiona. Ina ladha ya ndizi na picha ya sungura anayecheka. Yule mama wa duka nilimwambia ni ya mjukuu wangu.

Sina mjukuu.