Milioni Moja na Moja

Jana, mwanangu, ulifunga daftari la hesabu ukaniambia umejaribu yote na hakuna kitu. Hata mimi bibi yako niliwahi kusema hivyo, tena kwa kiburi, na siku ile siisahau.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, hapa hapa Kolwezi. Nafasi ya shule ya ufundi ilikuwa moja, nasi tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Tshala. Mama Ngalula, mwalimu wetu wa hesabu, akatupa swali moja tu: je, 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Nikagawanya kwa mbili, tatu, tano, saba. Sikuruka tasa hata moja mpaka tisini na saba. Zilikuwa ishirini na tano, na kila mara kulibaki kitu. Mkono ukauma. Sasa, baba yangu alikuwa mchimbaji wa shaba katika machimbo ya Mashamba, na desturi yao ilikuwa kwamba majuma matatu yakipita bila jiwe la kijani lenye shaba, wanahama shimo. Nami nikahama. Nikaandika "ni tasa" na kupiga mstari chini, kwa maringo.

Mama Ngalula alisoma, akaniuliza tasa inayofuata. Mia moja na moja, nikasema. Akaniambia nigawanye pale pale mbele yake. Nikapata 9,901, na hakikubaki kitu. Masikio yaliniwaka kwa aibu, nikajitetea kwa desturi ya baba.

"Tata yako hajue shimo inaisha wapi," akasema. "Weye ulijua. Elfu mara elfu ni milioni, na namba mbili zenye kupita elfu zikizidishana zinapita hii. Ungefika elfu, ungepumzika. Juu ya nini uliachia mu njia?"

Nafasi akapewa Tshala, aliyeendelea mpaka akaipata hiyo mia moja na moja, na ilikuwa haki yake. Nililia waziwazi. Ndipo Mama Ngalula akaniuliza kama hiyo 9,901 nayo ni tasa. Nikashika kalamu nianze tena na mbili, akauzuia mkono wangu.

"Hii kazi ulisha kufanya, mutoto. Kitu yenye inagawanya hii, ingegawanya na ile kubwa. Na mia mara mia ni elfu kumi, basi hapa mwisho ni mia tu."

Nikaitazama karatasi yangu iliyokosewa. Zile ishirini na tano zilizonishinda ndizo zilizothibitisha kwamba 9,901 ni tasa kweli. Nikacheka, machozi hayajakauka. Mwaka uliofuata nikarudia mtihani, nikaingia.

Basi mwanangu, kabla ya kusema hakuna kitu, uliza kwanza mwisho uko wapi, kisha ufike. Na karatasi ulizokosea usizitupe, huenda zimekwisha kujibu swali ambalo hujaulizwa. Mungu akupe mkono usiochoka upesi, na akupe mtu wa kuuzuia pale utakapokuwa umekwisha kufika bila kujua.