Habari za Uwanja

Bi Khole binti Muhanna hajawahi kuamini neno la mtu kuhusu kitu anachoweza kukishika mwenyewe. Ukoo wake umepokea mizigo Tabora tangu enzi za misafara, na kwao mzigo usiofunguliwa haujafika. Asali ya Ulyankulu huionja ndoo kwa ndoo, tena kutoka chini, maana anajua watu hujaza nini huko chini.

Tabia hiyo aliinolea Norwe. Alimfuata mume huko akiwa msichana. Mume akamshinda, kazi ikamkubali. Majira kumi na moja ya baridi aliendesha gari la kupima uwanja wa ndege. Theluji ikianguka, hakuna ndege iliyoruhusiwa kutua mpaka yeye aingie na gari lake lenye gurudumu la ziada, linaloburuzwa makusudi ili kujua ardhi inashika kiasi gani. Uwanja uligawanywa vipande vitatu, kila kipande kikapewa namba: sita ni pakavu, sifuri ni kioo, ndege isiguse. Rubani alisomewa namba hizo tatu, basi. Binti yake Ruaa alizisikia namba hizo mezani kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura, na alipokua akawa rubani.

Sasa wamerudi. Mama anauza asali mtaani Kanyenye, binti anarusha ndege ndogo ya kukodi. Mukesh, mwenye duka la jirani, hachoki kumchokoza.

"Bi Khole, kwenye friji yangu kuna barafu. Njoo upime."

"Nitaanza na mizani yako ya sukari, Mukesh bhai."

Novemba iliyopita Ruaa alikuwa akileta wanunuzi watatu wa asali kwenye kiwanja cha ndege cha kijiji kimoja upande wa Ulyankulu. Bi Khole alitangulia kwa pikapu yake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri. Alimkuta Kornel, mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, amevaa suti ya kahawia na redio ya mkono imemning'inia kifuani kama nishani. Kwaya ilikuwa imejipanga. Mbuzi alikuwa kwenye moto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kule mbele panang'aa. Mmeweka nini?"

"Tumeziba mashimo kwa udongo wa kichuguu. Tumeushindilia, mgumu kama saruji! Mwezi wa nane wakubwa walikuja wakausifu."

Kila mtu wa Tabora anaujua udongo wa kichuguu. Unafyatuliwa matofali, unasakafiwa nyumba, na ukikauka jembe linadunda. Tena kila mtu wa Tabora ameshaanguka juu yake siku ya mvua. Lakini Kornel na kamati yake hawakuwahi kuziweka habari hizo mbili kichwani kwa wakati mmoja. Pengine nafasi haikutosha.

Bi Khole hakubishana. Alipanda pikapu, akaingia kiwanjani kwa kasi, akakanyaga breki mara tatu. Kipande cha kwanza, changarawe, gari lilishika. Cha katikati liliserereka. Cha mwisho, kwenye kichuguu, lilizunguka kama pia na kusimama likitazama lilikotoka. Kwaya ikaangua kicheko.

"Mama, hapa si Ulaya," Kornel alimwambia aliporudi. "Barafu itoke wapi na jua hili?"

"Barafu ni tairi kukosa pa kushika, Kornel. Funga kiwanja."

"Nifunge? Mbuzi ameshachinjwa!"

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Ruaa, dakika tatu kabla ya kutua. "Habari za uwanja?"

Kornel akatanua kifua. "Nzuri kabisa, Kapteni! Karibuni sana!"

Hakudhani kwamba anadanganya. Huku kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama nyumbani kuna matanga. Mabaya husemwa baadaye, mgeni akishakaa na kunywa maji. Ni ustaarabu mzuri kwa watu waliokwisha kukaa. Ndege ya tani kadhaa haikai kwanza ndipo iambiwe kuwa kiti kimevunjika. Na ndani ya ndege hiyo alikuwamo mtoto pekee wa Bi Khole.

Aliikwapua redio.

"Ruaa, Mama hapa. Tano, moja, sifuri."

Ruaa akazirudia: "Tano, moja, sifuri. Nimepokea. Narudi Tabora."

Ndege ilipita juu yao, ikageuka, ikapotea nyuma ya miombo. Ndipo Bi Khole alipoona kuwa ameipinda antena ya redio kwa kuikamata.

"Umewafukuza wageni wetu!" Kornel alifoka, jasho likimtoka. "Kwa namba zako za kichawi! Sasa nitakuonyesha, kiwanja hiki ni kizima!"

Akarukia pikipiki yake. Kwaya, ambayo ilikuwa imekosa wa kumwimbia, ikampigia makofi. Kipande cha kwanza alipita akipunga mkono. Kipande cha pili pikipiki ilitikisa mkia, akalichukulia hilo kuwa ushujaa. Kwenye kichuguu akafunga breki. Pikipiki ilikwenda kulia, suti ikaenda kushoto, na mwenyekiti akamalizia safari ndani ya mtaro wa maji.

Makofi yakakoma.

Bi Khole alimfuata taratibu, akipita pembeni kwenye nyasi. Alimtazama kwanza miguu, kisha mikono, akahakikisha kila kitu kinasogea.

"Kornel," alisema. "Habari za uwanja?"

Kornel akatema tope.

"Nzuri, Mama," alijibu. "Ila..."

"Hiyo 'ila' ndiyo iliyotakiwa kwenye redio," Bi Khole alisema, akamrushia redio yake mtaroni, akaenda kuwasha pikapu. Wanunuzi walikuwa wazima, walikuwa njiani kurudi Tabora, na mbuzi yule hakuwa wake.