Mahali Walipomlaza Mama

Nilichokuwa nakitafuta ni kaburi la mama yangu, basi. Sikutaka shamba, sikutaka urithi, sikutaka kesi na mtu. Nilitaka kulijengea kwa simenti na kuandika jina lake juu, kama watu wengine wanavyowafanyia mama zao. Maisha yangu yote niliambiwa alizikwa magharibi, kwa watu wa baba. Aliyeniambia hivyo ni dada mkubwa wa mama, yule aliyenilea, ambaye namwita Tata.

Mama alipokufa nilikuwa darasa la pili. Walisema watoto hawapelekwi mazishini, nikaachwa kwa jirani hapo Riruta, nikalishwa maandazi mpaka tumbo likaniuma. Halafu nikatiwa shule ya bweni. Baba alirudi kwao, akaoa mwingine, akafa bila kunitafuta.

Mwaka jana nikafunga safari hadi kwao baba, na tepu ya kupimia kaburi mkobani. Ndugu yake mdogo, sasa ni mzee, alinitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Mama yako hakuletwa hapa, mwanangu. Tulienda Nairobi na jeneza. Wajomba zako wakasema hatoki mochari mpaka tumalize mahari. Tukarudi na jeneza tupu."

Mahari! Mtu amekufa, amelala kwenye baridi ya mochari, na wanaume wazima na ndevu zao wanabishana juu ya mbuzi. Nilirudi Nairobi na hasira zangu. Nikampigia Tata simu.

"Huyo mzee ni mwongo," akasema. "Hao watu wamezoea." Akakata.

Wajomba wote wamekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Nikaenda ofisi ya serikali mjini kutafuta rekodi ya kifo chake. Mama wa dirishani hakuinua hata macho.

"Leta nambari ya kibali cha mazishi."

"Dada, ningekuwa na kibali cha mazishi, si ningejua alikozikwa?"

"Hayo ni yako. Anayefuata!"

Ndipo nikakumbuka magazeti. Huku kwetu mtu hafi kabisa mpaka atangazwe gazetini. Kuna maktaba katikati ya jiji inayoweka magazeti ya zamani, yamejalidiwa, yananuka vumbi na panya. Nikawa nashinda humo nikisoma vifo vya watu nisiowajua. Hata kwenye kifo kuna Loresho ya matajiri na kuna Riruta yetu: mmoja anapewa nusu ukurasa na picha ya joho la chuo, mwingine mistari midogo kama ya kuuza gari kuukuu. Lakini wote walikuwa watakatifu. Hakuna mlevi aliyekufa nchi hii, hakuna aliyempiga mke wake. Wote wameugua kwa ujasiri, wote watakumbukwa daima. Upuuzi mtupu.

Nikampata. Picha yake ilikuwa ndogo, imefifia, lakini paji la uso ni langu. Chini ya jina, ukoo umepangwa kama kawaida yetu: binti wa fulani, dada wa fulani na fulani, shangazi wa hawa na hawa. Hata mpwa aliyekuwa akisoma Amerika walimtaja, na mji wake wakauandika ili majirani wajue tuna mtu ng'ambo. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Mke wa, hakuna. Mama wa, hakuna. Mimi sikuwepo. Na mwishoni kabisa: atazikwa shambani kwa baba yake, huko Waithaka.

Nchi nzima ilisoma, isipokuwa mimi.

Waithaka ndiko Tata anakaa, kwenye kipande alichogawiwa cha shamba hilohilo. Nilimkuta nje akikatakatia mboga za sukuma kwenye sufuria, nikamwekea nakala ya tangazo mapajani. Hakukana.

"Nani alikutuma ukafukue magazeti?"

"Kwa nini hamkuniandika, Tata?"

"Wajomba zako ndio walisema. Mtoto akijua mama yake amelala hapa, kesho atakuja kusema na yeye akatiwe kipande. Kaburi ni ushahidi, hata chifu anajua hivyo."

"Nilikuwa mtoto wa darasa la pili! Ningedai shamba mimi?"

"Watoto hukua," akasema, akaendelea na sukuma yake.

Haki ya Mungu, nilitamani kuipiga ile sufuria teke. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akanyoosha kisu kuelekea mpakani, kwenye safu ya vyumba vyake vya mabati vya kupangisha.

"Msichana ambaye hajalipiwa mahari hazikwi karibu na nyumba ya wazazi, unajua. Walimweka huko kando. Sasa tulipogawana shamba, hapo pakaniangukia mimi. Ningefanya nini? Nikajenga."

"Chumba gani?"

"Ya pili. Hiyo iko na pazia ya kijani."

Vyumba vile nimeviona tangu nitoke shule ya bweni. Nikaelekea huko. Akanifuata mbio na kisu mkononi, akanishika mkono wa sweta.

"Usimwambie mpangaji. Akijua atahama, na hakuna mtu atakaa hapo tena."

Nikagonga. Akatoka msichana ambaye hufua nguo za watu Loresho, kanga kiunoni, mikono imelowa.

"Karibu, mama. Toa tu viatu, nimetoka kupiga deki."

Nikavivua. Nikasimama kati ya kitanda na meko, saruji yenye maji chini ya nyayo zangu, nisijue kichwa cha mama kiko upande gani.

"Unatafuta nyumba?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ningesema nini, na machozi yakanitoka palepale mbele ya mtoto wa watu. Akanivutia kiti, akanipangusa kwa ncha ya kanga yake.

"Pole, mama, usilie. Mwenye nyumba ni mtu wa huruma sana. Mwambie shida zako tu, atakusikiza."