Nguo ya Watu Wawili

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, miaka ile ya hamsini, nilipokaribia kufa kwa baridi nikiwa ndani ya suti mpya. Usicheke, mwanangu. Au cheka tu, lakini sikiliza kabla hujafunga safari yako.

Nilikuwa karani katika ghala la nafaka mjini Nakuru, na nilikuwa naenda Elburgon, juu kwenye milima ya Mau, kujitambulisha kwa wazazi wa Tabitha, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wangu. Babake alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache, na nilikuwa nimeonywa kwamba humsoma mgeni kuanzia miguuni.

Nikaenda kwa fundi mmoja Mhindi, mzee aliyeshonea nguo barazani karibu na soko. Akanitandazia kaki nzito kando ya kitambaa chembamba nilichokuwa nimekishika. "Wewe nakwenda Mau? Chukua hii. Bega iko na nafasi, magoti iko na nafasi. Ile ingine ya kupiga picha tu."

"Mimi si mtu wa shamba, fundi," nikamjibu, nami sikuwa na hata ndevu za kutosha kunyoa.

Akatikisa kichwa, akanipima. Nikatoka na suti ya kijivu ya kitambaa chembamba, inametameta kama mgongo wa samaki, suruali ya kubana, na viatu vya ncha ambavyo soli zake zilikuwa nyembamba kama karatasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nikapanda lori la mizigo, juu ya magunia. Tulikuwa abiria wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mzee arap Koros, mlinzi wa msitu, amevaa kabuti la jeshi lililochakaa kola na buti zinazonuka mafuta ya kondoo. Nilisogea pembeni ili kabuti lile lisiguse suti yangu. Mungu anisamehe.

Tulipopita Njoro, mbingu ikafunga. Mvua ya mawe ikashuka, na sijapata kusikia kishindo kama kile tangu nizaliwe. Ilipokatika, nchi yote ilikuwa nyeupe: barabara, mashamba, migongo ya ng'ombe. Miti ya mitarakwa msituni ilisimama kimya kabisa. Hata dereva alivua kofia.

Lakini lori lilikuwa limekwama. Niliposukuma mara ya kwanza, suruali ikapasuka nyuma. Mara ya pili, soli moja ikabaki matopeni. Lori halikutoka. Mzee akasema tutembee, kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia, nasi tukamwacha dereva na gari lake.

Mwanangu, baridi ya Mau haina haraka. Kwanza meno yaligongana. Kisha vidole vikapotea. Halafu, ajabu, nikaacha kutetemeka, nikaona usingizi mtamu unanijia. Nikaketi juu ya gogo.

"Simama," Mzee akasema.

"Nipumzike kidogo tu, mzee."

"Anayepumzika hapa, sisi hurudi kesho kumbeba. Simama!"

Akaninyanyua kwa kwapa, akavua lile kabuti na kunivika. Lilikuwa na joto la mwili wake. Ndani nilihisi mishono imepitishwa mara mbili, na maji hayakuwa yamepenya hata tone.

"Na wewe, mzee?" nikauliza.

Akajipigapiga kifuani. Alikuwa na sweta nene ya sufu, chini yake shati la kaki, na chini yake fulana. "Mimi nikipita Mau huvaa nguo ya watu wawili," akasema. "Kila safari huwa kuna mmoja ambaye hakujua."

Nilimtazama kama mtu anayetazama mlima kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile, kabla hajaniona, mtu huyu alikuwa amevaa kwa ajili yangu. Nami nilikuwa nimejisogeza mbali naye! Nililia njia nzima, na hakuniuliza sababu.

Tulifika kwa kina Tabitha, kabuti likinifika vifundoni, mguu mmoja matope matupu. Babake akanitazama, kuanzia miguuni kama nilivyoambiwa, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Huyu ni nani?"

"Mgeni wako," arap Koros akasema. "Alijaribu kuja vizuri."

Babake Tabitha akasogea mlangoni kutupisha. "Basi amekuja," akasema. "Mpeni uji."

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka nguo ya safari, usikiulize kioo. Ivae, uchuchumae, uinue mikono juu, utembee nayo. Ikikubana dukani, njiani itakuaibisha. Igeuze ndani uone mishono, maana fundi mwongo huficha uvivu wake huko. Kiatu nacho kikunje kwa mkono, ukivae nyumbani siku kadhaa kabla hujakiamini kwa barabara ndefu. Pendeza, sikukatazi, kijana apendeze. Ila mdharau mwiba mguu huota tende, na baridi ni mwiba pia. Na usipime mtu kwa kola iliyochakaa, kwa sababu hujui amebeba nini kwa ajili yako.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu aitunze miguu yako, akupe afya na moyo mpana, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na watu wenye furaha ya kukuona.