Stesheni ya Chonyonyo

Juzi mjukuu wangu alinisikilizisha kwenye simu honi ya treni mpya ya umeme. Wenzake walifurahi, mimi nilitoka nje. Mnajua huku Karagwe reli haijafika hadi leo, lakini mimi nilikulia stesheni.

Baba alikuwa mfagizi wa stesheni moja ndogo upande wa Tabora. Aliporudi Chonyonyo alijenga nyumba kwa mfano wa stesheni hiyo: matofali ya kuchoma, paa lililotokeza mbele hatua tatu nzima, nguzo zenye mikono ya mbao iliyopinda, dirisha dogo la tiketi, na barazani benchi refu likitazama barabara. Kila asubuhi alitandaza nyasi mbichi pale, kama tunavyomtandikia mgeni, na wapita njia waliketi wakitafuna punje za kahawa na kungoja lori. Alizoea kusema mvua haimuulizi mtu ukoo wake.

Shuleni walinidhihaki. "Mwana wa stesheni masta, treni yenu imepata pancha?" Nililichukia kila tofali.

Siku moja Baba alikwenda msibani Kanoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mvua ilianza, nami nikawa ndani na wenzangu wawili, benchi tumeshalivuta ndani kwa utundu. Akaja jirani yetu Bibi Koku, anakohoa, anangoja lori la kwenda hospitali. Nikachungulia kwenye dirisha la tiketi.

"Shikamoo, bibi. Stesheni imefungwa."

"Marahaba. Hata barazani, mwanangu?"

"Hata barazani."

Wenzangu walikufa kwa kicheko. Bibi alijifunika kitenge kichwani, akaenda kujibanza migombani. Lori lilipita bila dereva kumwona. Wiki iliyofuata tulimzika.

Baba alipopata habari hakunichapa. Aliuliza tu, "Ulimwambia kupitia dirisha lile?"

"Ndiyo, taata."

Alikoroga udongo, akaliziba dirisha kwa matofali. Nyasi hakutandaza tena.

Baba alipokwisha kufariki, mzee mmoja aliyefanya naye kazi alinieleza kuwa stesheni ile ilikuwa na chumba kimoja cha kungojea, cha Wazungu. Baba alikifagia kila siku. Mvua ikinyesha, abiria wetu waligonga dirisha la tiketi, wakaambiwa pamefungwa, wakalowa na watoto wao, naye anatazama, ufagio mkononi.

Kumbe Baba alijenga mahali ambapo mtu hataambiwa hivyo. Aliishi miaka mingi baada ya mazishi ya Bibi Koku, tukila sahani moja, na sikumwomba radhi hata siku moja.